Nani Hasa Aliandika? Mwongozo Kamili wa Kupima Madai Kuhusu Watunzi wa Vitabu Maarufu

Wanafunzi na walimu wa fasihi wa Mbeya na Iringa, kama wenzao kote nchini, wengi wao humfahamu William Shakespeare kupitia kalamu ya Mwalimu Julius Nyerere, aliyetafsiri Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Haichukui muda kabla mmoja wao hajaleta jambo aliloliona kwenye simu: kwamba Shakespeare hakuandika chochote, kwamba jina lake lilikuwa kivuli cha mtu mkubwa aliyejificha. Kwa kawaida dai hilo hupokelewa kwa kicheko au kwa shangwe, na aliyeuliza hubaki pale pale alipokuwa. Mwongozo huu unaeleza jinsi kikundi kidogo cha wasomaji kinavyoweza kulipima dai la namna hiyo hadi kikafikia uamuzi unaoweza kutetewa mbele ya watu. Msimamo wangu niutaje mapema: madai mengi ya aina hii huangukia kwenye kalenda na kwenye karatasi za wakati husika, muda mrefu kabla ya kufika kwenye uchambuzi wa lugha, na ndiyo maana hatua za mwanzo nimezipa nafasi kubwa kuliko zile za mwisho ambazo watu huzipenda zaidi.

Mahitaji si mengi. Watu wanne au watano wanatosha, pamoja na kaunta buku moja, kalamu za rangi mbili na bando la kutosha kupakua maandishi, kwa sababu chapa za zamani za tamthilia za Shakespeare zimepigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti bila malipo. Maktaba za mkoa za Mbeya na Iringa zinafaa kwa kukutania na kwa kamusi. Walio Tukuyu, Mafinga au Makambako, ambako mtandao hubadilika kulingana na mtaa, wapakue kila kitu siku moja kabla ya kikao ili muda wa mjadala usiishie kwenye kusubiri kurasa zifunguke.

Hatua ya kwanza: Andikeni dai kwa sentensi moja inayoweza kukanushwa

Dai lisemalo "kuna siri kuhusu Shakespeare" haliwezi kupimwa, kwa kuwa hakuna ushahidi unaoweza kulishinda. Mshurutisheni mleta dai alitamke hivi: "Edward de Vere, kabaila mwenye cheo cha Earl wa Oxford aliyezaliwa mwaka 1550 na kufariki mwaka 1604, ndiye aliyetunga tamthilia 36 zilizokusanywa katika kitabu cha mwaka 1623." Sasa kuna jina, kuna tarehe na kuna kazi inayotajwa. Kama mleta dai anakataa kumtaja mtunzi anayemwona ndiye wa kweli, andikeni kwenye daftari kwamba bado hakuna dai, kisha mwendelee na mambo mengine.

Chini ya sentensi hiyo orodhesheni wagombea wengine wa kiti kile kile. Kwa Shakespeare wamependekezwa watu wengi, na wanaotajwa zaidi ni Francis Bacon, Edward de Vere, Christopher Marlowe na William Stanley. Orodha hii ina kazi yake. Wafuasi wa Bacon na wafuasi wa de Vere hutumia mbinu zinazofanana sana, yaani kutafuta matukio ya maisha ya mgombea wao ndani ya tamthilia, na kila upande huyapata kwa wingi. Mizani ya soko la Mwanjelwa ikimpa kila muuzaji uzito anaoutaka, mnunuzi mwenye akili haulizi tena nani kati yao mkweli. Anaiacha mizani hiyo na kutafuta nyingine. Kwa hiyo kila hoja inapoletwa, ulizeni kwanza kama ingeweza kutumiwa vilevile kumtetea mgombea wa pili. Ikiwa jibu ni ndiyo, ikateni kwa mstari.

Hatua ya pili: Tenganisheni karatasi za wakati ule na maneno ya baadaye

Hapa ndipo kaunta buku inapofanya kazi yake halisi. Gaweni ukurasa katika safu mbili. Upande wa kushoto wekeni maandishi yaliyoandikwa mwandishi akiwa hai au ndani ya miaka kumi tangu afariki, na upande wa kulia yale yaliyokuja baadaye. Msiruhusu andiko lolote kuingia bila mwaka. Kikundi kinachofanya hivi kwa uaminifu huona jambo la kushangaza mapema sana, nalo ni kwamba hoja za wenye shaka karibu zote ziko kulia.

Chukueni mfano wa Shakespeare. Mwaka 1598 Francis Meres alichapisha kitabu ambamo alimtaja Shakespeare kwa jina na kuorodhesha tamthilia zake 12, sita za vichekesho na sita za majonzi. Mwaka 1616 wosia wa Shakespeare wa Stratford, mji wa Uingereza alikozaliwa na alikofariki mwaka huo, uliwaachia waigizaji watatu wa London, Richard Burbage, John Heminges na Henry Condell, fedha za kununulia pete. Mwaka 1623 Heminges na Condell hao hao ndio waliotoa mkusanyo wa tamthilia 36, na ndani yake Ben Jonson, mtunzi aliyemfahamu marehemu ana kwa ana, alimwita batamaji wa Avon, mto unaopita Stratford, huku Leonard Digges akitaja kumbukumbu yake iliyoko Stratford. Karatasi hizi zinashikana: mtu wa wosia, waigizaji wa London na kitabu cha tamthilia vinaunganishwa na majina yale yale.

Mleta dai makini atasema kwamba mstari wa pete katika wosia umeongezwa katikati ya mistari mingine, na kwa hiyo huenda ni wa kughushi. Msimkatize, bali fungueni picha ya wosia wenyewe. Ni kweli kwamba maneno hayo yameandikwa kati ya mistari, lakini maneno mashuhuri yanayompa mke wake kitanda cha pili kwa ubora nayo yameongezwa vivyo hivyo, na hakuna mwenye shaka anayeyakataa, kwa sababu hayo humpendeza. Anayekataa nyongeza moja na kupokea nyingine kwenye karatasi ile ile anapaswa kueleza kanuni anayoifuata.

Rudini kwa Meres, kwa kuwa kitabu chake kina jambo ambalo watu wengi hulipita. Katika orodha yake ya watunzi bora wa vichekesho, Earl wa Oxford, yaani de Vere, ametajwa, na Shakespeare naye ametajwa, kila mmoja kwa nafasi yake. Mtu aliyeishi wakati ule, aliyeandika de Vere akiwa hai, aliwahesabu kuwa ni wawili. Upande wa pili, dai la kwamba walikuwa mmoja liliandikwa mwaka 1920 na J. Thomas Looney, mwalimu wa shule wa Uingereza. Hata dai la Bacon, ambalo ni la zamani zaidi, lilipata nguvu kwa kitabu cha Delia Bacon, Mmarekani, mwaka 1857. Andikeni pengo hilo kwa tarakimu kubwa: kutoka 1616 hadi 1857 ni miaka 241.

Hatua ya tatu: Chora mstari wa miaka

Chora mstari mrefu kwenye karatasi ya manila, upande wa juu weka maisha ya mgombea na upande wa chini tarehe za kazi. Kazi hii ni ya nusu saa tu, lakini humaliza mabishano ambayo yangeweza kuchukua mwezi mzima.

De Vere alifariki Juni 1604. Tamthilia ya Tufani inaonekana kutumia taarifa za kuvunjika kwa meli ya Sea Venture huko Bermuda mwaka 1609, hasa barua ya William Strachey ya mwaka 1610. Tamthilia ya Henry wa Nane ilikuwa ikielezwa kuwa mpya wakati ukumbi wa Globe ulipoungua katikati ya onyesho tarehe 29 Juni 1613. Marlowe naye aliuawa Deptford tarehe 30 Mei 1593, na hati ya uchunguzi wa kifo chake, pamoja na jina la aliyemchoma kisu, Ingram Frizer, ilipatikana na kuchapishwa na Leslie Hotson mwaka 1925.

Wafuasi hawakosi majibu. Watasema de Vere aliacha miswada ikatolewa kidogo kidogo, au Marlowe alizikwa kwa jina tu na akaendelea kuandika mafichoni. Msibishane juu ya kama hilo linawezekana, maana karibu kila kitu kinawezekana. Badala yake fungueni ukurasa wenye kichwa "Waliotakiwa kukaa kimya" na muorodheshe, kwa kila kiraka kinachoongezwa, watu ambao wangepaswa kuijua siri: waigizaji wa kundi, wachapaji, wakaguzi wa tamthilia, Jonson, watunzi walioshirikiana naye, na familia zao. Orodha ikiendelea kurefuka huku karatasi za upande wa kushoto zikibaki zile zile, dai linazidi kudhoofika, hata kama kila kiraka peke yake kinasikika vizuri.

Hatua ya nne: Chunguzeni neno "asingeweza"

Msingi wa madai haya, ukiyafukua, mara nyingi ni neno hilo moja: mtoto wa fundi wa glavu kutoka mji mdogo asingeweza kuandika juu ya wafalme, sheria na Italia. Kabla ya kulijadili, tafuteni ukweli wa malezi yenyewe. Stratford ilikuwa na shule ya sarufi, na shule za namna hiyo katika karne ya 16 ziliwafundisha watoto Kilatini kwa saa nyingi kila siku, pamoja na Ovid, mshairi ambaye Shakespeare anamtumia kuliko karibu wengine wote. Italia ya tamthilia zake ni ya vitabuni, na ina makosa ambayo mtu aliyekaa huko asingeyafanya kirahisi.

Kisha ulizeni ni nani huwa anaambiwa asingeweza. Phillis Wheatley, aliyetekwa Afrika Magharibi akiwa mtoto na kuuzwa Boston, alipotaka kuchapisha mashairi yake, kitabu chake cha mwaka 1773 kililazimika kubeba tamko lililotiwa saini na wanaume 18 wa mji huo, akiwemo gavana, kuthibitisha kwamba msichana huyo ndiye aliyeyatunga. Huku kwetu Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha asiyepita chuo kikuu chochote, na hakuna aliyewahi kuhitaji kumbuni tajiri wa Tanga aliyejificha nyuma yake. Mimi binafsi hoja hii ndiyo inayonichosha zaidi, kwa sababu mwalimu yeyote wa Umalila au Makete amewahi kusahihisha insha ya mtoto wa mkulima wa viazi na kulazimika kuiweka kalamu chini. Hata hivyo uchovu si ushahidi, kwa hiyo katika daftari andikeni tu kwamba hoja ya hadhi haithibitishi chochote upande wowote.

Pamoja na neno hilo huja hoja ya ukimya: mbona hakuna miswada yake, mbona zimebaki saini sita tu, tena zenye tahajia tofauti? Tahajia ya majina ilikuwa haijatulia wakati ule, na miswada ya watunzi wengi wa tamthilia wa zama zake nayo imepotea. Karatasi zinazodumu miaka 400 ni zile zilizopita mahakamani, kwenye kodi au kwenye mauzo ya ardhi, na ndizo hasa zilizobaki za Shakespeare. Mkitaka kulijaribu hilo kwa mkono, kila mshiriki aende nyumbani atafute karatasi za babu mzaa babu yake. Wengi watarudi mikono mitupu, na wachache watakaopata kitu watapata hati ya shamba au stakabadhi ya kodi ya kichwa, wala si barua aliyomwandikia rafiki.

Hatua ya tano: Jaribuni siri za herufi kwa watu wawili waliotengana

Ignatius Donnelly, mwanasiasa wa Minnesota nchini Marekani, alichapisha mwaka 1888 kitabu kikubwa akidai kwamba Bacon alificha ujumbe ndani ya tamthilia kwa hesabu za kurasa na maneno. Wengine walimfuata kwa mashine na mifumo ya herufi. Mwaka 1957 William na Elizebeth Friedman, mume na mke waliokuwa miongoni mwa wafumbuzi wakubwa wa maandishi ya siri nchini Marekani, waliipitia mifumo hiyo mmoja baada ya mwingine na kuonyesha kwamba haikidhi masharti. Sharti lao kuu linatekelezeka hata mkiwa watano: kanuni ya kufumbua iandikwe kikamilifu, wapewe watu wawili wasiowasiliana, nao wapate jibu moja.

Fanyeni hivyo. Mleta dai aandike kanuni yake kwenye karatasi bila kuacha nafasi ya kuchagua, kisha mshiriki mmoja abaki maktaba na mwingine aende nyumbani nayo. Endapo kanuni inasema "ruka herufi kadhaa inapobidi", jaribio limekwisha kabla halijaanza. Kama zoezi la pili, chukueni ukurasa wowote wa gazeti la Kiswahili na mtumie kanuni hiyo legevu kutafuta jina la mmoja wenu. Kwa kuwa irabu zetu ni tano na zinajirudia kila mahali, mtalipata haraka kuliko mnavyodhani.

Madai ya mfanano wa sauti nayo yapimwe hapa. Lililo karibu zaidi na masikio yetu ni lile la kwamba Shakespeare alikuwa Mwarabu aliyeitwa Sheikh Zubeir. Ahmad Faris al-Shidyaq, mwandishi wa Lebanoni wa karne ya 19, alilisema kwa mzaha, Safa Khulusi wa Iraki akaja kulijadili kwa uzito, na Muammar Gaddafi akalirudia hadharani. Lipelekeni kwenye safu ya kushoto ya daftari. Halina hata karatasi moja.

Hatua ya sita: Hesabuni maneno madogo

Uchambuzi wa mtindo una heshima yake ukifanywa kwa nidhamu. Katika makala 85 zilizoandikwa Marekani mwaka 1787 na 1788 kutetea katiba mpya, 12 ziligombaniwa kati ya Alexander Hamilton na James Madison. Mwaka 1964 Frederick Mosteller na David Wallace walihesabu maneno madogo yasiyohusu mada, wakagundua kwamba kihusishi kimoja cha Kiingereza kilikuwa kikijitokeza takriban mara 3 katika kila maneno 1000 ya Hamilton, ilhali kwa Madison hakikufikia hata mara moja. Makala za mgogoro zikaelekea kwa Madison. Mwaka 2013 mbinu za ukoo huo zilisaidia kumtambua J. K. Rowling, mwandishi wa Harry Potter, nyuma ya jina la bandia la Robert Galbraith, na mwaka 2019 watafiti wawili wa Ufaransa walizitumia kuonyesha kwamba tamthilia za Molière, mtunzi wa Ufaransa wa karne ya 17, ni za Molière mwenyewe, kinyume cha dai la tangu mwaka 1919 kwamba ziliandikwa na Corneille, mtunzi mwenzake.

Kwa Kiswahili zoezi linafanyika hivi. Kusanyeni maandishi ya waandishi wasiopungua watatu, kila mmoja maneno elfu kadhaa, ya aina moja, yaani insha kwa insha au barua kwa barua. Chagueni viashiria kabla ya kusoma: "kwamba" dhidi ya "kuwa", "lakini" dhidi ya "ila" na "bali", "pia" dhidi ya "vilevile", "ili" dhidi ya "kusudi". Ongezeni kimoja ambacho nakithamini kuliko vyote, nacho ni urejeshi: yupo anayeandika "mtu ambaye alikuja" na yupo anayeandika "mtu aliyekuja", na mwandishi hubadilisha tabia hiyo kwa shida kwa sababu haioni. Hesabuni kwa kila maneno 1000. Tuseme mwandishi wa kwanza ana "ila" mara 28 katika maneno 4000, basi kiwango chake ni 7. Wa pili ana mara 6 katika maneno 3000, kiwango chake ni 2. Andiko lenye utata likipata 6 linaelekea kwa wa kwanza, lakini msitamke neno mpaka viashiria vingine viwili au vitatu vielekee huko huko.

Ipo mitego miwili ambayo huwanasa wengi. Wa kwanza ni mhariri, kwa kuwa dawati la gazeti linaweza kugeuza kila "ila" kuwa "lakini" na mkawa mnampima mhariri bila kujua. Wa pili ni tafsiri. Juliasi Kaizari haifai kabisa kwa zoezi la kumtafuta Shakespeare, maana viunganishi vyake vyote ni vya Nyerere. Inafaa sana, kwa upande mwingine, kama mnataka kujua jinsi Nyerere mtafsiri anavyotofautiana na Nyerere wa hotuba.

Hatua ya saba: Tengeni ushirikiano na njama

Kukanusha dai la njama hakumaanishi kwamba kila neno limetoka kwenye kichwa kimoja. Tamthilia ya Wawili Mabinamu Waungwana ilichapishwa mwaka 1634 ikiwa na majina ya John Fletcher na Shakespeare pamoja, na wahariri wa sasa wanakubali mikono mingine katika tamthilia kadhaa. Alexandre Dumas, mwandishi wa Ufaransa, aliandika baadhi ya riwaya zake mashuhuri pamoja na Auguste Maquet, ambaye hatimaye alikwenda mahakamani. Alipata fedha, hakupata jina lake kwenye jalada. Hivi ni vitu vyenye mikataba, hukumu na kurasa za majina, yaani vimejaa safu ya kushoto.

Katika fasihi yetu ya pwani tahadhari ni ya namna nyingine. Mwana Kupona alifunga utendi wake kwa kutaja mwaka 1275 wa Hijria, yaani 1858, kwa hiyo mpimaji ana pa kushika. Nyimbo zinazohusishwa na Fumo Liyongo, kinyume chake, zilipita midomoni kwa vizazi kabla ya kuandikwa, na jina kubwa huvuta nyimbo za wengine. Kwa kazi kama hizo andikeni "zinahusishwa na", na msione haya.

Hatua ya nane: Andikeni uamuzi na sharti la kuufungua upya

Uamuzi uwe mmojawapo kati ya minne: limekanushwa, halina ushahidi, linawezekana, limethibitishwa. Chini yake andikeni ni karatasi gani ikipatikana itawalazimu kubadili uamuzi. Sehemu hii si ya mapambo. Mikhail Sholokhov wa Urusi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1965, aliandamwa tangu mwaka 1928 na tuhuma kwamba riwaya yake kuhusu mto Don aliiba. Mwaka 1974 Aleksandr Solzhenitsyn aliunga mkono hoja kwamba mwandishi wa kweli ni Fyodor Kryukov. Mwaka 1984 Geir Kjetsaa wa Norwei na wenzake walihesabu kwa kompyuta wakaona mtindo unaelekea kwa Sholokhov, na mwaka 1999 miswada ya mkono ya sehemu za mwanzo, yenye mafuto na marekebisho, ikapatikana mjini Moscow. Kikundi kilichoandika mwaka 1974 kwamba dai "linawezekana, litafunguliwa miswada ikionekana" kingekuwa na kazi ya siku moja tu kurekebisha daftari lake.

Tieni tarehe na majina ya walioshiriki, pigeni kopi mbili kwenye stesheneri, moja ibaki kwa katibu na nyingine apewe mleta dai pamoja na hesabu zote, ili akitaka arudie kuhesabu mwenyewe kabla ya kikao kijacho.